Machungwa ya Muheza, bomba la Chongoleani: hayo maslahi ya nchi ni ya nani?

Watu wengi wakisikia "sera ya mambo ya nje" akili inaenda kwa mabalozi, bendera, zulia jekundu, ndege ya rais inatua na gwaride linapigwa. Mimi akili yangu inaenda kwa machungwa. Mjomba wangu ana shamba la michungwa Muheza, na kwa miaka yote niliyomjua wanunuzi wake wakubwa ni Wakenya, wanakuja mpaka shambani, wanaangalia mti, wanakubaliana bei, vijana wanachuma, Fuso linajazwa, linapita Tanga mjini linanyoosha Horohoro, mpakani na Kenya. Bei ya chungwa la mjomba haipangwi Muheza kabisa. Inapangwa na kama geti la Horohoro liko wazi siku hiyo au limebana.

Mei 2020 nililiona hili kwa macho. Kenya ilifunga mpaka wake na sisi kwa sababu ya korona, ikaacha malori ya mizigo tu yapite na madereva wapimwe, upande wetu nao ukajibu, malori yakapangana Horohoro na Namanga siku kibao huku kila upande unasema mwenzake ndo ameanza. Mawaziri wa pande mbili wakakutana Namanga, marais wakapigiana simu, mambo yakalegea. Sasa kwenye taarifa ya habari hiyo ilikuwa habari ya siku mbili tatu. Kwa mjomba ilikuwa mnunuzi kapiga simu anasema gari halivuki, na machungwa yalishachumwa, yako chini ya mti, na chungwa likishachumwa halisubiri mawaziri wamalize kikao. Nilimkuta amekaa kwenye gogo anayaangalia. Nikamwamkia shikamoo mjomba, akanijibu marahaba mjomba, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Hivi hao wanaogombana, wanagombania nini hasa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Hii makala ni kama najaribu kumjibu.

Kitu cha kwanza, nchi haina rafiki wa kudumu wala adui wa kudumu, ina maslahi. Hii kila mtu anaisema, na watu wakishaisema wanaona wamemaliza uchambuzi, wameelewa dunia. Mimi naona ndo kwanza wameanza, kwa sababu "maslahi ya nchi" siyo mtu. Hayawezi kusimama mezani yakajieleza yenyewe. Lazima kuna mtu anayasemea, na anayesemea anasemea mzigo anaoujua yeye. Mwenye meli atasemea meli, mwenye mgodi atasemea mgodi, mwenye shirika la ndege atasemea ndege. Mwenye michungwa mia tatu Muheza nani anamsemea? Ndo hoja yangu yote, mengine yote nitakayoandika hapa yanazunguka hapo.

Na Tanga hatuhitaji vitabu vya mbali kuliona hili, mkoa wetu wenyewe ni darasa. Chukua huo mpaka wa Horohoro. Wadigo wako huku na wako kule, ukivuka unakuta lugha ile ile, msiba ule ule unazikwa na watu wa pande zote mbili. Mstari ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani wakiwa Ulaya, unaanzia pwani kwenye mlango wa mto Umba unakwenda bara mpaka ziwani, unapinda pale Kilimanjaro. Kwa nini ulipita hapo? Kwa sababu kulikuwa na makampuni. Upande wa Wajerumani kulikuwa na kampuni ya Carl Peters na wenzake, upande wa Waingereza wafanyabiashara wao walioshika Mombasa, kila mmoja anataka njia yake ya kwenda bara kwenye pembe za ndovu. Serikali zikaja nyuma ya makampuni kuweka muhuri.

Halafu kilichotokea Pangani mwaka 1888 ndo kinanifanya niamini kwamba hili jambo ni la zamani kuliko tunavyodhani. Ile kampuni ya Kijerumani ilipata mkataba kwa Sultani wa Zanzibar, Khalifa, mwezi Aprili mwaka huo, wa kukusanya ushuru wa forodha kwenye pwani yote ya huku kwetu. Ushuru tu! Agosti wakaja kuuchukua, wakataka bendera yao ipande Pangani, wakawadharau watu wa mji, na mji ukawaka. Abushiri bin Salim akasimama, Bagamoyo nako kukachafuka, pwani karibu nzima. Kampuni ikashindwa, pesa ikaisha, wafanyakazi wake wakakimbia. Sasa angalia kilichofuata, serikali ya Ujerumani, ambayo Chansela wake Bismarck mwenyewe alikuwa hataki gharama za makoloni, ikamtuma afisa wake Wissmann na jeshi mwaka 1889. Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Mwaka 1891 serikali ikachukua nchi rasmi. Yani hesabu ya ushuru wa kampuni moja iliyoshindwa kazi ndiyo iliyoingiza dola zima ndani ya pwani yetu. Mwananchi wa Berlin hakuulizwa, wa Pangani ndo kabisa.

Watu wanaosema eti siku hizi ndo makampuni yameshika serikali, waende Pangani wakaone.

Mkonge nao ni hivo hivo. Mwaka 1893 yule mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, mingi ikafa njiani, ikafika 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 likazaliwa shamba la dunia. Vita vya pili Wajapani walipozichukua Ufilipino na Java, nyuzi za kule zikakatika, Waingereza ghafla wakaiona Tanga. Serikali yao ikawa mnunuzi wa mkonge wetu kwa bei iliyoipanga yenyewe, kwa sababu kamba za meli na za jeshi zilikuwa mkonge. Ikaja vita ya Korea, bei ikapaa juu sana mwaka 1951. Wazee wa Ngamiani waliowahi kufanya kazi kwenye korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, walikuwa wanazikumbuka hizo enzi kwa kuhesabu baiskeli walizonunua. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, hakuna nchi iliyotufikia. Halafu nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 wakati soko limeshaanza kutukimbia, na kufika miaka ya 90 tulikuwa tumebaki na kama sehemu moja ya kumi ya ile tani. Na umuhimu wa Tanga kwenye meza za wakubwa ukaondoka na bei. Hakuna balozi aliyekuja kutuaga. Sisi wenyewe tunao usemi wetu hapa, waja leo waondoka leo.

Lakini nisije nikaonekana nasema pesa ndo kila kitu, maana historia yetu wenyewe ina ushahidi wa kinyume, na naujivunia kusema kweli. Mwaka 1965 peke yake Mwalimu aliikataa pesa mara mbili. Mara ya kwanza ni Ujerumani Magharibi, wao walikuwa na msimamo kwamba nchi ikiitambua Ujerumani Mashariki wanakata uhusiano, sasa sisi tulikuwa tumeungana na Zanzibar ambayo tayari ilikuwa na Wajerumani Mashariki, Dar ikakubali wafungue ofisi ya konseli, Bonn, yani hao Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wa kijeshi ili kututisha. Mwalimu akawaambia basi ondoeni na uliobaki. Mara ya pili ni Desemba mwaka huo huo, tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu waliwaachia walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wajitangazie uhuru wao, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukapotea hivi hivi. Kwa nchi ya miaka minne tangu uhuru hiyo ilikuwa pesa nyingi sana.

Kwa hiyo inawezekana. Nchi inaweza kusema hapana. Ila ukiichunguza vizuri hata ile hapana ilikuwa na uchumi ndani yake. Rhodesia ilipojitenga Zambia ikabaki na shaba haina pa kuipitishia, na nchi isiyo na bandari ikibanwa jirani yake mwenye bandari naye ana la kufanya. Wakubwa wa Magharibi walipiga hesabu wakasema reli ya kwenda Zambia hailipi. China ikaijenga, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ujenzi kuanzia 1970 mpaka 1975, na bomba la mafuta la TAZAMA lilishakuwepo tangu 1968. China nayo haikuja kwa ajili ya sura zetu nzuri, ilikuwa inatafuta marafiki wa kuipigia kura Umoja wa Mataifa, ikaingia 1971 kwa kura za Afrika. Kila mtu alipata kitu. Tofauti ya wakati ule ninayoiona mimi ni kwamba angalau mwananchi alielezwa kwa nini anakaza mkanda. Mtu wa kawaida wa Korogwe alijua Rhodesia ni nini, aliisikia redioni kila siku. Leo tunasaini mikataba mikubwa kuliko ile na mwananchi anaisikia baada ya wino kukauka.

Sasa tuje Chongoleani, hapa pwani ya Tanga ambako bomba la mafuta ya Uganda linaishia, maana huko ndo kuna nyama.

Uganda ilipata mafuta mwaka 2006 kule ziwa Albert. Mafuta yale ni mazito, yana nta, yasipopashwa moto mpaka kama nyuzi 50 yanaganda kwenye bomba. Na Uganda haina bahari. Agosti 2015 Museveni na Uhuru Kenyatta walikubaliana bomba lipite kaskazini mwa Kenya kwenda Lamu, kampuni ya Tullow ambayo ilikuwa na mafuta yake Turkana ilikuwa inaipenda njia hiyo. Baada ya kama miezi miwili tu, Oktoba Uganda ikasaini makubaliano ya awali na Tanzania kuangalia njia ya Tanga. Machi 2016 Museveni na Magufuli wakakutana Arusha, Aprili ikatangazwa rasmi kwamba bomba linakuja kwetu. Tanga tulishangilia, niliwaona watu wanapongezana barabarani kama Coastal, timu yetu ya mpira, wamechukua kombe.

Kwa nini Tanga ilishinda? Hapo utasikia majibu mawili. Wapo wanaosema undugu, kwamba mwaka 1979 jeshi letu ndilo lililomng'oa Amin, na Museveni alikaa Tanzania akasoma Dar, hawezi kutusahau. Ni kweli na yeye mwenyewe huwa anayasema hayo. Lakini undugu huo ulikuwepo Agosti 2015 pia alipokubaliana na Wakenya. Jibu la pili ni hesabu. Njia ya Lamu ilikuwa inapita karibu na Al-Shabaab, Lamu yenyewe bandari ilikuwa bado inajengwa, ardhi upande ule ina gharama na migogoro. Tanga bandari ipo tangu enzi za Mjerumani, njia ni tambarare zaidi, serikali ilikuwa tayari kulegeza kodi. Na Total ya Wafaransa, ambayo leo ndo yenye hisa kubwa, iliitaka Tanga. Leo ukiangalia umiliki wa bomba utaona mwenyewe: TotalEnergies 62%, shirika la mafuta la Uganda 15%, TPDC yetu 15%, CNOOC ya China 8%. Mwenye 62% ndo kauli yake nzito, hata kama kwenye picha wanasimama marais.

Kuna sababu ya tatu ambayo watu hawaitaji sana na mimi naiona ndo kubwa. Mwanzoni mwa 2008 Kenya ilipochafuka baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera, malori yakasimama, na Uganda ikakosa petroli. Nchi nzima ilikuwa inategemea koo moja na koo limekabwa na ugomvi usiowahusu. Serikali yoyote ikipitia hilo lazima iseme haitarudia. Na kweli mwishoni mwa 2023 Uganda ilipotaka kuagiza mafuta yake yenyewe bila kupitia kampuni za Kenya, Kenya ikagoma kuipa leseni, Uganda ikaenda mahakama ya Afrika Mashariki na huku inazungumza na Tanzania kuhusu kupitishia huku. Baada ya miezi kadhaa Kenya ikalegea. Yani Tanga ilimsaidia Mganda hata kabla ya tone moja kupita Chongoleani, kwa kuwepo tu kama mlango wa pili. Ukiwa na mlango wa pili mwenye mlango wa kwanza anakuheshimu. Mjomba wangu hana mlango wa pili, machungwa yake yakikataliwa Horohoro yanabaki soko la Tanga na Dar kwa bei ya kutupa.

Bomba lenyewe ni kilomita 1,443, na 1,147 ziko ndani ya Tanzania, mikoa minane, Kagera mpaka Tanga. Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani Agosti 2017, mikataba mingine ikasainiwa Entebbe Aprili 2021 Rais Samia akiwepo, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza Februari 2022. Halafu tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuupinga mradi, wakataka usimame kwa mwaka mmoja na njia nyingine iangaliwe, kwa sababu ya mazingira na haki za watu waliohamishwa. Kampala na Dodoma wakakasirika. Na mimi kama mtu wa Tanga nilikasirika pia, kwa sababu moja rahisi, mwaka ule ule baada ya Urusi kuivamia Ukraine Ulaya ilikuwa inazunguka Afrika kutafuta gesi, Chansela wa Ujerumani alikwenda Senegal mwezi wa tano kuongelea gesi, Waitaliano wakaenda Algeria, Angola na Kongo. Sasa gesi ya Senegal ikienda Ulaya ni usalama wa nishati, mafuta ya Uganda yakipita Tanga ni uharibifu wa mazingira? Na kampuni kubwa kwenye mradi ni ya kutoka huko huko kwao.

Ila nikitulia, na hapa najua baadhi ya watu wa Tanga watanikasirikia mimi, naona tulikosea jinsi ya kujibu. Tulijibu kwa kusema "msituingilie" na tukaishia hapo. Kumbe ndani ya azimio lile kulikuwa na maswali ambayo ni ya kwetu kabla hayajawa yao. Fidia, watu wa njia ya bomba waliambiwa wasiendeleze mashamba halafu wakasubiri malipo kwa miaka, bei ya kila kitu inapanda wao wamekaa. Bahari, Chongoleani kuna wavuvi, kuna mikoko, na bahari ya Tanga ndiyo yenye silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani amekwisha duniani zamani za kale, mpaka serikali ikaanzisha hifadhi yake mwaka 2009. Pale pwani matangi yanawekwa ya mapipa milioni mbili na gati inaingia baharini. Mvuvi wa ngalawa anayetaka kujua atavua wapi meli za mafuta zikianza kuja, yeye siyo wakala wa Ulaya. Ni mtu wetu anauliza swali. Na mbunge wa Ulaya akiuliza swali lile lile haligeuki kuwa baya kwa sababu kaliuliza Mzungu.

Benki nyingi za Magharibi zilikataa kukopesha mradi, na matokeo yake ni kwamba awamu ya kwanza ya mikopo iliyotangazwa Machi 2025 ikatoka kwa benki kama Afreximbank na nyingine za huku huku Afrika, na taasisi ya Kiislamu ya maendeleo ya sekta binafsi. Ukifunga mlango mmoja mtu anaingia mwingine. Ukiangalia ramani ya nani anatukopesha leo na nani alitukopesha miaka 20 nyuma unaona kabisa sera ya nje inavyohama, na inahama kimya kimya, hakuna hotuba.

Mfano mdogo wa hilo upo chini ya magurudumu ya Fuso la mjomba. Ile lami ya Tanga–Horohoro, kilomita 65, ni pesa ya Marekani, mradi wa MCC, shirika la misaada la serikali yao, ule mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008 Bush alipokuja. Awamu ya pili ilikuwa dola milioni 472, ikasimamishwa Machi 2016 kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mitandao. Sasa hivi mizigo na fedha zinaongelewa upande mwingine, gati letu la Tanga limechimbwa na Wachina mpaka kina cha mita 13. Zamani meli zilikuwa zinatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa, leo meli inakuja gatini. Kuli wa Tanga anaijua tofauti hiyo kwenye mgongo wake kuliko mchambuzi yeyote.

Turudi Horohoro basi. Nimekuwa nikiangalia ugomvi wa sisi na Kenya, na kuna kitu kimoja kinanisumbua sana. Januari 15 mwaka 2024 mamlaka yetu ya anga ilitangaza kwamba safari za Kenya Airways Nairobi–Dar zitasimama kuanzia tarehe 22, kisa Kenya ilikataa ndege ya mizigo ya Air Tanzania ibebe mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Unajua ilichukua muda gani kuisha? Kesho yake imekwisha, mawaziri wameongea, kila mtu ametabasamu. Siku moja.

Sasa linganisha. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lenyewe liliondolewa baada ya siku chache, lakini likaondolewa na masharti, muagizaji ajisajili, kila mzigo uwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Afya ya watu ni kitu cha kweli, sumukuvu inaua, Dodoma na Manyara watu walikufa mwaka 2016, siwezi kuidharau. Lakini cheti hicho mkulima wa gunia 20 anakipata wapi na kwa nauli gani? Mwenye tani elfu tano anakipata kirahisi tu. Kwa hiyo ugomvi uliisha kwa mkubwa, kwa mdogo ukageuka kuwa utaratibu. Ndege zina watu wa kupiga simu usiku huo huo. Mahindi yana watu wa kusubiri.

Na tusijifanye sisi ndo wa kuonewa siku zote. Oktoba 2017 sisi ndo tulipiga mnada ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya, na baadaye tukachoma moto vifaranga zaidi ya elfu sita Namanga. Aprili 2025 Malawi ilikuwa imezuia unga wetu, mchele, tangawizi na ndizi, Afrika Kusini nayo ndizi, tukafunga mazao yao yote na mbolea inayokwenda Malawi, na Malawi inategemea bandari ya Dar kwa kiasi kikubwa, ndani ya kama siku kumi wakaja mezani. Watu walishangilia sana mitandaoni. Mimi niliona ile ndizi ya Mbeya iliyosemewa na waziri nikafurahi kwa kweli, nikasema kumbe inawezekana zao la mkulima likapiganiwa kama ndege. Halafu nikamfikiria dereva wa Malawi aliyekwama mpakani Kasumulu na mzigo unaooza, nikamuona mjomba yule kwenye gogo.

Sera yetu ya mambo ya nje tangu 2001 inasema diplomasia ya uchumi, na Mei 2025 Rais Samia akazindua toleo lake jipya lenye uchumi wa buluu, diaspora na Kiswahili ndani yake. Maneno mazuri na mimi nayaunga mkono bila kusita. Ila diplomasia ya uchumi wa nani ndo sijaona imeandikwa mahali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ule utaratibu rahisi wa mfanyabiashara mdogo, mzigo usiozidi dola 2,000 unapata cheti cha asili hapo hapo mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Uliza kina mama wanaovuka Horohoro na vikapu wangapi wanaujua. Wengi wanapita njia za porini wakiogopa geti ambalo kisheria liko upande wao. Hapo ndo ningependa balozi, afisa biashara na mtu wa kilimo wakae, kwenye benchi pale pale, wiki nzima, waandike nini kinazuia nini, ndo waende nacho Nairobi. Mkutano wa wataalamu unaoanza na karatasi iliyoandikwa Horohoro utazungumza tofauti na ule unaoanza na karatasi iliyoandikwa hotelini.

Nilimpelekea mjomba haya yote juzi, nikamweleza kuanzia Pangani mpaka ndege za Nairobi, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo mjomba, wenye ndege wana hesabu zao zimeandikwa, sisi zetu ziko kichwani." Nikamwambia ndiyo. Nikamnunulia daftari kubwa la kaunta. Gari likikwama anaandika tarehe, idadi ya machungwa, geti limefungwa saa ngapi, aliyekataa alisema sababu gani, na yalioza mangapi. Ukurasa wa kwanza umeshajaa, mwandiko wake ni wa kulala lakini unasomeka. Majirani zake wawili nao wameanza. Wakifika kumi tunayafunga pamoja tunayapeleka kwa mbunge, nakala moja wizarani, na nakala nyingine nataka niivushe mwenyewe niwape wanunuzi wa upande wa pili, maana na wao walipoteza.